Bila Msumari: maisha ya kaka yangu, fundi wa samani

Ndugu, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga karakana zenu kuja hapa, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu. Nawaambia mapema kwamba wasifu uliomo kwenye programu mlizoshika si huu. Ule ulipita kwenye kamati, na kamati iliukatakata mpaka ukawa hauvaliki. Fungueni ukurasa wa pili. Mmeandikiwa kwamba marehemu alikuwa "fundi ujenzi mwenye bidii, ambaye baadaye alijishughulisha na shughuli ndogondogo za nyumbani." Hizo shughuli ndogondogo ni miaka ishirini na moja ya maisha yake. Basi programu zikunjeni mjipepee, jua lipo. Mimi nitasoma nilioandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yetu alikuwa mpakia mizigo hapo stesheni, na mama yetu aliuza mkaa. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni Kaka Mkubwa, ambaye mnamwona amekaa mstari wa mbele na koti lake jeusi. Kati ya marehemu na mimi walizaliwa wengine wawili, wakatangulia wakiwa wadogo. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto wake huyu alizaliwa kimya, ikabidi achapwe ndipo alie, na tangu siku ile akawa mtu wa kusema akichokozwa tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Alifaulu kuendelea. Mwalimu wake wa hesabu alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia Baba kwamba mtoto ana jicho, anaweza kutazama pembe ya ukuta akakwambia imekaa vibaya kabla hujaipima. Lakini Kaka Mkubwa alikuwa tayari sekondari, na nyumba ile haikuwa na nguvu ya kusomesha wawili. Baba akamwambia, "Mkubwa amalize kwanza, zamu yako itakuja." Zamu haikuja. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, lakini naamini aliyesema hivyo hakuwa amekatishwa shule. Marehemu mwenyewe hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye nalalamika, maana hapa nyumbani kila mtu alipewa kipaji chake.

Mwaka 1977 alianza kazi kwenye majengo, na Kaka Mkubwa alipopata ukandarasi mwaka 1985 akamchukua. Kazi ya marehemu ilikuwa kufunga mbao za zege. Kwa wasioijua kazi hiyo, zege likimwagwa ni uji, halisimami lenyewe. Lazima kwanza fundi atengeneze nguzo, boriti na ngazi kwa mbao, kila kitu kwa kipimo chake, ndipo uji umwagwe ndani ugande. Alikuwa akishika misumari mdomoni ili mikono yote iwe huru, hata mtu akimsalimia anaitika kwa nyusi, na ndiyo maana wenzake walimwita Misumari. Majengo yale bado yamesimama mjini. Kaka akipita na wageni huyaonyesha kwa kidole: "Lile langu. Na lile pale langu." Hakuna aliyewahi kuonyeshwa kazi ya marehemu, kwa sababu zege likishakauka mbao zake hubomolewa kwa mtaimbo, na zile zisizofaa tena huenda jikoni kuchemshia chai ya vibarua. Naomba hilo la chai mlikumbuke, nitalirudia.

Tarehe 14 Novemba 1987 alimwoa shemeji yetu huyu, muuza vitambaa sokoni, wakapanga chumba kimoja. Kitanda cha harusi alikitengeneza mwenyewe, kwa misumari, kama alivyozoea kazini. Kilikuwa kitanda cha aibu. Mtu akigeuka kinalia, akikohoa kinalia, mpaka jirani wa chumba cha pili akawa anagonga ukuta na kusema, "Jamani, na sisi tunataka kulala!" Shemeji akamwambia mumewe, "Wewe ni fundi gani, kitanda kinapiga kelele kuliko mtoto mchanga?" Marehemu alikibomoa akakichunguza, akaona kumbe tatizo ni msumari. Mbao hutanuka na kusinyaa, msumari hausinyai, basi tundu linapanuka na kila kitu kinaanza kucheza. Siku chache baadaye aliokota kiti kikuukuu kwenye nyumba iliyokuwa ikivunjwa, akakifungua kipande kwa kipande, asikute msumari hata mmoja. Kiti kizima kilishikana kwa ulimi na tundu: ubao mmoja umechongwa ulimi, mwenziwe umechimbwa tundu, vikakutana. Shemeji anasema alikaa na vipande vile sakafuni mpaka chakula kikapoa, akitia na kutoa, akitia na kutoa, anacheka peke yake. Kitanda cha pili hakikulia tena. Binti yao alizaliwa mwaka 1990, na jirani hakusikia chochote.

Kwa miaka mingi baada ya hapo samani zilikuwa kazi yake ya Jumapili. Kilichomtoa kwenye zege ni ngazi. Mwaka 2004 Kaka alipata kazi ya jengo lenye ngazi ya kuzunguka, na marehemu akaifungia mbao kwa wiki kadhaa. Mimi niliiona nilipompelekea chakula. Mbao zilikuwa zimepindwa taratibu, zimepanda kama utepe, na vibarua walikuwa wakipita wanazigusa tu. Zege likamwagwa, likakauka, wakaja watu wa mtaimbo. Alisimama pale akiwatazama wakibomoa. Baadaye akapewa kikombe cha chai, akatazama jikoni, akaona kinachowaka chini ya sufuria ni kile kipande cha mzunguko, alichohangaika nacho kuliko vyote. Akaweka kikombe chini, hakunywa.

Jioni alimfuata Kaka ofisini. Mimi nilikuwepo, nimeleta sare za walinzi nilizoshona.

"Kaka, mimi naacha."

"Unaacha nini?"

"Zege. Kila ninachotengeneza kinavunjwa. Nataka kutengeneza kitu kibaki."

Kaka alidhani ni utani. "Kitu gani kibaki? Vistuli? Na umri huu? Umerogwa, wewe."

"Sijarogwa. Nimechoka kuchemshia watu chai."

Ndivyo alivyosema. Kisha akarudi nyumbani, akaezeka kibanda nyuma ya nyumba, akaanza upya akiwa na miaka arobaini na mitatu, kwa randa mbili, patasi, na msumeno wa kuazima.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki na ya vichekesho, na vichekesho vyote vilikuwa juu yake. Wateja waliamini kwamba kitu kisicho na msumari hakijakamilika. Mmoja alichukua kabati lake, akarudi kesho yake na pakiti ya misumari, akasema, "Fundi, kama uliishiwa si ungesema tu?" Mtaa ukabadilisha jina, Misumari akawa Bila Msumari, na hapa kwenye ukoo jina hilo lilitumika sana kwenye harusi na vikao, watu wakitaka kucheka. Mjomba mmoja alikuwa akisema, "Usikalie hicho, ni cha Bila Msumari, utajikuta chini." Nyumba zetu zote, na ya kwangu ilikuwa karibu kufuata, zilijaa makochi ya dukani yaliyotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, yakipata maji kidogo yanavimba kama mkate kwenye chai. Ndugu walinunua makochi hayo mara mbili, mara tatu, wakipita mbele ya mlango wa karakana yake. Aliyakarabati yalipovunjika.

Sasa niseme na jambo tamu moja. Mwaka 2009 alimtengenezea Mama kiti cha kuegemea. Mama akakizunguka, akakipiga teke kidogo, akasema, "Kaa wewe kwanza." Marehemu akakaa. "Ruka ruka." Mtu mzima akarukaruka juu ya kiti mbele ya majirani. "Sasa simama juu yake uimbe." Akasimama akaimba, na sauti yake mnaijua, hata mbwa waliondoka. Ndipo Mama akakaa, na tangu siku ile hakukalia kitu kingine mpaka alipofariki. Baada ya msiba wa Mama, Kaka alikichukua kiti hicho kama mtoto mkubwa. Leo kiko getini kwake, anakikalia mlinzi, mvua yake, jua lake. Nilikwenda kukitikisa wiki iliyopita, na hakijalegea.

Mwaka 2017 binti yake aliacha kazi ya mapokezi hotelini, akaja karakana, akasema, "Baba, nifundishe." Hakumfundisha kwa kumdekeza. Mwaka wa kwanza alimpa kazi ya kunoa patasi na kufagia vumbi, na kila ulimi uliokaa legelege aliutupa nje ya dirisha. Marehemu alikuwa na sheria moja ya karakana: mtu si fundi mpaka ajitengenezee meza yake ya kazi, ile nzito ya kupigia randa, ambayo kila kitu kingine atakachotengeneza maishani kitazaliwa juu yake. Mwaka huohuo barabara ilikuwa inapanuliwa na mvule mmoja mkubwa ukakatwa. Marehemu aliupata mti ule, akaupasua mbao nene, akazipanga nyuma ya karakana juu ya mawe, chini ya bati, na kati ya ubao na ubao akaweka vijiti ili upepo upite. Miisho ya kila ubao aliipaka rangi nyekundu, maana mbao huanza kupasukia mwishoni kama hazikuzibwa. Akamwambia binti yake, "Hizi ni za meza yako. Zenyewe zikiwa tayari, na wewe utakuwa tayari. Usiniulize lini."

Basi zikakaa. Kwa nje vumbi na upepo vikazifanya kijivu, mtu asiyejua angeona mbao kuukuu zilizosahauliwa. Kila mwanzo wa mwaka marehemu aligeuza rundo zima, za chini zikaja juu, na binti akamsaidia kubeba. Alikuwa akizigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. "Bado. Bado zinanong'ona."

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa kikohozi. Kilipozidi, daktari aliona mapafu yamejaa vumbi la miaka mingi. Kaka akasema, na amelisema tena kwenye kamati, "Si nilimwambia? Vumbi la mbao limemmaliza." Daktari hakusema kama ni la mbao au la saruji, na sikumsikia Kaka akiuliza. Marehemu aliendelea na kazi akiwa amekaa, halafu akawa anaelekeza tu. Mwezi wa tano mwaka huu alitaka apelekwe nyuma ya karakana. Tukambeba na kiti chake. Akagonga ubao mmoja baada ya mwingine, akatega sikio, akamwita binti yake karibu. "Zimekauka. Mvua zikikatika, anza." Binti alilia. Yeye akamwambia, "Unalia nini? Nenda kanoe patasi."

Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Tulikuwa naye mke wake, binti yake na mimi. Aliondoka kimya, kama alivyokuja, ila safari hii hapakuwa na wa kumchapa alie.

Wakati sisi tuko hospitalini, nyumbani watu walikuwa wameanza kukusanyika. Sitamnyima Kaka haki yake: alifika wa kwanza, na alichapa kazi. Turubai lilipatikana, viti vilipatikana, sufuria zilipatikana. Kilichokosekana ni kuni. Jirani yetu mwosha magari alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, na amekaa pale, nikikosea anisahihishe. Kaka alizunguka nyumba, akafika nyuma ya karakana, akaona mbao za kijivu zimepangwa. Mtu aliyeishi kwenye majengo miaka arobaini, akiona mbao kuukuu nyuma ya kibanda, anajua jambo moja tu la kuzifanyia. Akasema, "Pasueni hizi."

Jirani akamwambia, "Mzee, hizo ni za fundi."

"Fundi gani tena? Fundi si ndiye huyu tunayemlilia? Pasueni, watu wanataka chai."

Tulirudi kabla ya saa nne asubuhi. Binti alikuwa amebeba mfuko wenye nguo za baba yake. Alisimama langoni, akanusa. Moshi wa mvule una harufu yake, na yeye ameishi ndani ya harufu hiyo miaka minane. Akaniambia taratibu, "Shangazi, hizo ni mbao zangu." Akaweka mfuko chini, akaenda moja kwa moja jikoni, akatia mkono kwenye moto akavuta ubao mmoja uliokuwa bado mzima, umeshika moto upande mmoja; nyingine zote zilikuwa zimeshapasuliwa. Wengine wakamshika wakidhani ni wazimu wa msiba. Kaka akaja, akamwambia, "Pole, mwanangu, sikujua. Nitakununulia nyingine." Nami naamini kwamba hakujua. Ndilo linaloniuma. Alikuwa na miaka minane ya kupita pale na kuuliza, "Mdogo wangu, hizi mbao ni za nini?"

Kwa hiyo chai mliyokunywa tangu Jumatatu, wageni wetu, imechemshwa kwa meza ya mwanangu. Hamna kosa, mlipewa mkanywa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekabidhiwa kikombe langoni. Ila kama kuna wa ukoo huu aliyetokwa na machozi kule jikoni, asijisifu. Ule ulikuwa moshi.

Siku hiyohiyo Kaka alifunga karakana kwa kufuli jipya, kwa usalama wa vifaa, akasema. Binti aliomba amtengenezee baba yake jeneza kwa mikono yake. Akaambiwa hakuna muda na mambo ya kamati yasiingiliwe. Jeneza hili mnaloliona limenunuliwa tayari. Ni la unga wa mbao, lina vishikio vya plastiki vilivyopakwa dhahabu, na lina misumari. Marehemu atatusamehe, hana namna. Jumatano tukaketi kikao cha ukoo, na Kaka akatuambia kwamba karakana itafaa kuwa stoo ya saruji, kwa sababu binti ni mtu wa kuolewa. Huyu binti ana miaka thelathini na mitano na mume wake ndiye yule amesimama pembeni yake. Aliolewa mwaka juzi. Kaka alikuwepo harusini, na alikula vizuri.

Nafika mwisho. Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, fundi wa samani, mkwe mmoja, kaka mmoja, dada mmoja mwenye mdomo, viti, meza, makabati na vitanda visivyolia katika nyumba za watu ambao si ndugu zake, na ubao mmoja wa mvule, umeungua upande, rangi nyekundu bado inaonekana mwishoni. Ubao huo uko kwangu, chini ya cherehani. Anayetafuta kuni apite kwangu kwanza.

Programu zenu zinamalizia kwa yale maneno matatu tunayoyajua sote. Sijayasoma bado. Si kwamba simtakii kaka yangu, namtakia kuliko wengi waliovaa nyeusi hapa. Lakini mtu atapumzikaje kwa amani, wakati kile alichoacha zege kwa ajili yake kinageuzwa stoo ya saruji kabla kaburi lake halijajaa?

Kaka, nakuheshimu, wewe ni baba kwetu sasa. Ufunguo uko kwenye mfuko wa koti, upande wa kulia, na umekuwa ukiushika tangu nilipoanza kusoma. Binti yake amesimama pale karibu na jeneza, mkono una bandeji ya ule moto. Nenda ukamkabidhi mbele ya watu hawa, useme, "Fundi, karakana yako hii." Neno la fundi usilimeze. Ukishalisema, mimi nitasema yale matatu, na tutamzika ndugu yetu.

Sina haraka. Yeye alisubiri mbao zikauke miaka minane, mimi siwezi kushindwa na jua la mchana mmoja. Wachimba kaburi, wekeni koleo chini kwanza.